Ladha Mama ya Didace

Inspekta Jeptoo alifungua kizibo, akaisogeza chupa puani, akafumba macho. Alinusa mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole, kisha akaipitisha upande wa pili wa meza.

"Koplo, unasikia harufu gani?"

Koplo Wekesa alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyeletewa chai. "Mandazi."

"Jana pia ulisema mandazi."

"Jana sikuwa nimekula, madam. Na leo sijakula."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumamosi, kituo cha polisi cha Kakuma, na mabati ya paa yalikuwa yameshaanza kulialia kwa jua. Chupa ilikuwa ndogo, ya kioo cha kahawia, urefu wake kidole gumba. Ndani mlikuwa na maji ya vepu, yale maji mazito yenye ladha ambayo watu humimina kwenye sigara ya umeme wakayavuta kama mvuke. Ilikuwa imetoka Lodwar, chumbani kwa karani mmoja aitwaye Josiah, ambaye tangu Jumatano alikuwa hospitalini akikohoa mpaka kitanda kinatembea. Daktari ameandika mstari mmoja: mafuta yameingia mapafuni. Josiah naye ameandikisha mstari wake: maji aliyanunua kwa Didace wa Kakuma, na hakuongeza kitu chochote.

Kwa mistari hiyo miwili, Didace alikuwa amelala mahabusu siku mbili.

Mkuu wao, Afande Odongo, alikuwa amepiga simu kutoka Lodwar alfajiri. Hakuzunguka. Kama kufikia saa kumi na mbili jioni hakuna jipya, mshukiwa apandishwe gari, apelekwe Lodwar, Jumatatu asimame mahakamani. Tatizo ni kwamba kati ya Jumamosi na Jumatatu kuna Jumapili. Na Jumapili hiyo, saa tatu, katika kanisa dogo la Kalobeyei, mtoto wa Didace angebatizwa. Mtoto wa kwanza, aliyesubiriwa miaka tisa. Didace alikuwa ameutaja ubatizo huo mara nne katika maelezo yake, hata pale alipoulizwa umri.

Jeptoo alifungua kijitabu chake akaandika maswali matatu, moja chini ya jingine. *Ni ya nani? Nini kimezidi? Kimeingilia wapi?* Kisha akachukua kibano kidogo, akakiingiza kwenye shingo ya chupa na kutoa vinyweleo viwili vyeupe, vifupi. Akavilaza kwenye karatasi.

"Paka," alisema Wekesa.

"Labda. Mlete Didace."

Didace aliletwa. Mtu mwembamba wa miaka arobaini, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, Mkongomani wa Uvira. Alikaa, akaikunja mikono magotini. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao Kongo, 'ndiyo' yake ilitoka 'njo'.

"Habari ya asubuhi, Mama Inspekta. Kesho njo ubatizo."

"Nimesikia. Didace, uliweka mafuta kwenye haya maji?"

"Mafuta?" Alishika kichwa. "Mafuta ni ya sombe, ya kupikia majani ya muhogo! Mafuta haiendi mu mapafu, Mama. Ile ni sheria ya kwanza, hata mwanafunzi wa siku moja anaijua."

"Wewe nani alikufundisha?"

"Mama yangu alikuwa anapika keki kule Uvira. Ladha za dukani ziko namna mbili. Kuna ile inapenda maji, kuna ile inapenda mafuta. Unatia tone moja mu glasi ya maji, unangoja. Kama inafungua macho kule juu, yale macho ya mafuta juu ya supu, unatupa. Ile ni ya keki. Mimi natupa kila siku, muulize bibi yangu Mathilde. Ananigombeza."

Jeptoo alimsukumia chupa. "Nusa."

Didace alinusa. Uso ukamfunguka kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. "Hii njo yangu!"

Wekesa alipiga meza kofi. "Amekubali! Andika, madam!"

"Nikatae mtoto wangu?" Didace alimgeukia. "Ona, Afande. Kila mutu anayechanganya maji haya iko na ladha mama. Ile ya chini, inayobeba wengine mugongoni. Ukikosea mama, watoto wote wanaanguka. Stroberi, jua la Kakuma linaifukuza, wiki moja inanuka dawa. Embe ni tamu siku ya kwanza, siku ya tatu ni soksi. Vanila ni muzuri, lakini inaziba koili, ule waya wa kuchoma, inafanya maji kuwa meusi. Nilihangaika mwaka muzima. Siku moja natafuna koma pale kando ya mto Turkwel, nikasimama katikati ya njia. Nikasema, Didace, mama si huyu hapa?"

"Koma? Haya matunda ya mkoma, yanayotafunwa na kila mtu?"

"Haya haya. Iko na sukari ya kuungua, iko na tangawizi kidogo, na joto haliiogopi, kwa sababu imezaliwa ndani ya joto. Mimi peke yangu ninayeitumia. Juu yake naweka iliki tone mbili. Basi." Akainusa chupa tena, na safari hii paji likakunjamana. "Lakini kuna mutu ameingia humu."

"Mtu gani?"

"Moshi. Moshi wa kuni. Mimi siweke moshi."

Jeptoo aliichukua chupa, akaifunga. "Josiah alipokuja, ulimwambia nini? Maneno yenyewe."

"Ilikuwa bado bichi, ya siku mbili. Ladha haijaoana. Nikamwambia, ilaze siku kumi, mahali pa giza, mahali pa baridi, na kila asubuhi uitikise vizuri. Alikuwa ameacha sigara, alitaka kitu kisicho na nikotini. Akasema asante, akaenda."

"Kwako kuna paka?"

"Paka?" Didace aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Hapana. Kesho iko ubatizo, Mama Inspekta. Paka ya nini?"

Jeptoo alichora alama mbele ya swali la kwanza.

Nyumba ya Didace ilikuwa mwisho wa kichochoro, ua wa miiba, mlango wa bati uliopakwa buluu kwa ajili ya wageni wa kesho. Mathilde, mke wake, alikuwa ameinama juu ya karai la nguo nyeupe. Mtoto alikuwa mgongoni.

"Umeniletea bwana yangu?"

"Bado, mama. Nataka kuona anapofanyia kazi."

"Bado." Mathilde alijipangusa mikono. "Basi shika mtoto, maana kule ni kuchimba."

Kabla Jeptoo hajajibu, Daniella wa miezi mitano alikuwa mikononi mwake, mzito, mwenye harufu ya maziwa, akiukodolea macho mfuko wenye kalamu. Mathilde alipiga magoti kivulini, pale mtungi wa maji unapochuruzika mchana kutwa, akafukua mchanga uliolowa. Chini yake ulionekana mdomo wa chungu. Ndani ya chungu mlipangwa chupa za kahawia, kila moja na karatasi ya tarehe.

"Hapa njo friji yake," Mathilde alisema. "Kuniambia nilale kwa joto, sawa. Chupa zake zilale kwa joto, hapana!"

"Tafuta tarehe nne, ndiyo iliyo kwenye chupa ya Josiah."

Ilipatikana. Chupa dada: iliyochanganywa siku moja, sufuria moja, na ile ya Josiah. Jeptoo aliifungua kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na mtoto. Makoma. Iliki. Moshi hakuna. Aliinyanyua juani. Ilikuwa safi kama macho ya Daniella.

"Madam!" Wekesa alitokea mlangoni ameshikilia kibuyu cha plastiki kwa mikono miwili, kama mtu aliyenasa mamba. "Chini ya kitanda! Mafuta! Lita tano!"

Ndani ya kibuyu mlikuwa na kitu chekundu, kizito.

Mathilde alitazama kibuyu, akamtazama Wekesa, akaanza kucheka. "Ayi, Afande! Ile ni mawese! Ni ya sombe ya kesho! Na ndizi hukuona? Zifunge pingu pia."

Majirani waliokuwa wamejazana kwenye ua wakaangua kicheko. Wekesa alibaki ameshikilia kibuyu.

"Nitachukua kidogo," Jeptoo alisema bila kucheka. "Kijiko kimoja. Utarudishiwa." Alimimina ndani ya chupa tupu, akaifunga, akaandika juu yake. Alipotaka kufungua kijitabu alikuta kona ya ukurasa iko mdomoni mwa Daniella, imelowa. Neno *kimezidi* lilikuwa limeshageuka wingu la wino.

"Anapenda kusoma," alisema Mathilde.

"Anaharibu ushahidi," alisema Jeptoo, na akamwachia.

Walipokuwa wakitoka, Wekesa alimnong'oneza. "Kuna yule Boris, madam. Kinyozi, Mrundi. Anauza maji ya vepu kutoka Nairobi, mlango kwa mlango na huyu. Ni yeye aliyetuambia kuna mafuta mengi kwa Didace. Mimi naona wivu wa biashara. Anaweza kuwa alijaza yake kwenye chupa ya mwenzake."

Ndiyo njia waliyoifuata.

Boris alikuwa akimnyoa mteja. Alipowaona alizima mashine katikati ya kichwa cha watu. Kijana wa miraba minne, cheni shingoni, kicheko karibu.

"Sista Inspekta! Karibu kiti. Huyu atangoja, nusu ya kichwa imeshakuwa smati."

"Ulisema kwa Didace kuna mafuta."

"Nilisema kuna mawese! Koplo akaniuliza, 'Umewahi kuona mafuta kwake?' Nikasema ndiyo, mengi, tena anayajua kupika. Kumbe nimemfunga rafiki yangu?"

"Lete maji yako. Yote."

Boris alipanga chupa kumi na moja kwenye rafu ya kioo, chini ya picha za mitindo ya nywele. Moja imeandikwa tikiti, nyingine nanasi, nyingine barafu ya bluu. Jeptoo alifungua moja moja, akanusa, akafunga. Ya tisa hakuhitaji kufungua.

"Yote ni stroberi."

"Ladha mama yangu ni stroberi, ndiyo. Nanasi iko juu, lakini chini ni stroberi." Boris alikuna shingo. "Na hili joto... wateja wanasema inakuwa kama dawa ya kikohozi ya watoto."

"Umewahi kujaribu makoma?"

Kinyozi alitazama mteja kwenye kioo, akatazama chini. "Mara sita. Nilichemsha, nikachuja na soksi mpya. Ikatoka uji. Didace alikuja akanicheka mpaka akakaa chini. Hanifundishi! Kila kitu ananipa, hata mwana. Makoma, hapana."

"Mwana gani?"

"Daniella! Si mimi ndiye baba wa ubatizo?" Alifungua kabati. Nyuma ya taulo ilining'inia suti ya rangi ya zambarau iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. "Sista Inspekta, hii nimeazima. Jumatatu inarudi kwa mwenyewe. Nitaivaa lini?"

Mteja mwenye nusu kichwa alikohoa. "Na mimi je, nitamaliziwa lini?"

Jeptoo alifunga kijitabu. Mtu aliyeshindwa kuiga makoma mara sita hawezi kujaza chupa inayonuka makoma. Njia ya Boris iliishia pale, mbele ya kioo. Saa yake ilisema saa nne na robo. Mpaka Lodwar ni saa mbili, Wekesa akiendesha kama mtu mwenye njaa.

Akaendesha hivyo.

Lodwar iliwapokea kwa jua la katikati ya kichwa. Jeptoo hakwenda ofisini wala hospitalini. Alimwelekeza Wekesa kwa muuza samaki karibu na soko, mama aliyekuwa na sanduku kubwa la barafu, akaomba kona moja ya sanduku kwa nusu saa.

"Unalaza nini hapo?" mama aliuliza.

"Mashahidi watatu."

Walikuwa chupa tatu: ya Josiah, dada yake kutoka kwenye chungu, na kijiko cha mawese. Wakakaa kwenye kreti za soda kivulini. Wekesa alitazama samaki mkavu mmoja kwa mapenzi makubwa.

"Elewa, Koplo. Hayo maji hayagandi kwa barafu, yanakuwa mazito tu. Lakini mafuta yanaganda, na kila mafuta yana sura yake yakiganda. Kwa joto la huku yanajificha humo ndani, hasa mtu akiwa anatikisa kila asubuhi. Tukiyapa baridi, yatatoka yenyewe yajitambulishe."

Nusu saa ikaisha. Jeptoo alizitoa chupa, akazipanga kwenye ubao wa samaki.

Mawese yalikuwa yameganda, mazito, rangi ya chungwa. Chupa dada ilikuwa safi, chini mpaka juu. Ya Josiah ilikuwa na kola juu ya maji, pete nyembamba. Nyeupe pepe.

"Si mawese," alisema Jeptoo.

Wekesa alisogea. Kwa mara ya kwanza siku ile hakutania. Aliufunua mfuniko, akachota kidogo kwa ncha ya kijiti, akasugua kati ya vidole, akanusa vidole. "Madam, haya nayajua. Haya yanabaki kwenye sufuria ukilaza nyama mpaka asubuhi. Lakini si ya mbuzi. Ya mbuzi yanakwama kwenye kaakaa, haya ni laini. Ni ya kondoo. Ya mkia."

"Una hakika?"

"Madam, kuna vitu Koplo Wekesa anaweza kukosea. Hicho si kimoja."

"Naye anasema kweli," alidakia mama wa samaki, aliyekuwa ameshaacha kuuza ili asikilize. "Mkia, huo."

Jeptoo aliandika. Swali la pili lilikuwa limepata jibu lake, juu ya wino uliotafunwa. Mtu wa Uvira anayepika kwa mawese hana mkia wa kondoo chunguni. Na chupa dada haina doa. Kwa hivyo mafuta hayakuingia Kakuma. Yaliingia baada ya Kakuma. Yaliingia Lodwar.

Hospitalini muuguzi aliwangojesha mpaka saa kumi, saa ya kuona wagonjwa. Josiah alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwaya ili kupima pumzi. Alipomwona Jeptoo alinyamaza kama mwanafunzi.

"Unaendeleaje, kaka?"

"Nafuu, Inspekta. Daktari anasema keshokutwa naweza kwenda. Tena nimefika noti ya juu bila kukohoa." Akainua mkono. "Kama ni yale maelezo yangu, naapa, sikuongeza kitu. Hata tone."

"Nakuamini."

Alishtuka. Hakuwa ametegemea kuaminiwa.

"Didace alikwambia uilaze siku kumi. Mahali pa giza na baridi. Uliilaza wapi?"

"Nyumbani."

"Chumba chako kina paa gani?"

"Bati. Hakuna dari."

"Lodwar, chini ya bati, bila dari. Nionyeshe baridi iko wapi."

Josiah alicheka, akakohoa mara moja, akatazama madirisha. "Siku ya kwanza chupa iliwaka mpaka sikuweza kuishika. Nikaogopa itaharibika. Nikafikiri sana, Inspekta. Nikaona mama mwenye nyumba wangu, maziwa yake yanakaa kwenye chombo cha mti, hayachachi haraka. Nikasema kumbe wenyeji wana maarifa yao. Na mimi nina chombo kama hicho, kwenye rafu, kizuri sana, nimekiwekea maua ya plastiki. Alinipa nilipohamia. Nikatoa maua, nikakisuuza na maji, nikamimina humo siku kumi. Kila asubuhi nikitikisa. Halafu nikarudisha kwenye chupa."

Jeptoo aliweka kalamu chini. "Na alipokupa, kilikuwa kitupu?"

"Hapana," alisema Josiah. "Kilikuwa na..." Mdomo ulibaki wazi. Akafunika uso kwa shuka. Kutoka chini ya shuka ilisikika sauti ndogo. "Mafuta ya mkia wa kondoo. Niliyatumia kulia ugali mwezi mzima."

Mama Abei, mwenye nyumba wa Josiah, aliwakuta mlangoni, mwanamke mrefu wa Kiturkana mwenye shanga mpaka kidevuni na simu ya tochi ndani ya shanga.

"Ejok," aliwasalimu kwa lugha yake.

"Ejok noi, mama. Tunataka kuona chumba cha Josiah. Yeye mwenyewe ametutuma, amekupigia."

"Amepiga. Amesema niseme ukweli. Mimi nikauliza, ukweli ya nini?"

Chombo kilikuwa kwenye rafu, maua ya plastiki yamerudi mahali pake. Kilikuwa cha mti, cheusi kwa miaka, kiuno chembamba, mfuniko wa ngozi ambayo bado ilikuwa na manyoya. Manyoya mafupi, meupe. Jeptoo alitoa karatasi yake, akavilaza vile vinyweleo viwili pembeni ya mfuniko. Havikuhitaji hakimu.

"Paka wako huyo, Koplo."

Akanusa ndani ya chombo. Moshi, wa zamani na wa karibuni, na chini ya moshi kitu kinene, kitamu. Aliingiza kidole. Ukuta wa mti ulikuwa mkavu kwa macho, lakini kidole kilitoka kinameta. Joto la mchana lilikuwa likiutoa jasho.

"Mama, hiki kinaitwaje?"

"Ebur. Ya mafuta. Ya mama yangu hiyo, na yeye alipewa akiolewa. Mafuta tu, mafuta tu, miaka yote. Hata mti imekuwa mafuta."

"Huoshwa vipi?"

"Na moshi! Unachoma kijiti, unaingiza, unafunika. Ukiosha na maji unaharibu tu."

"Josiah aliweka humu maji yake ya kuvuta. Yale ya mvuke."

Mama Abei alimtazama. Akaitazama ebur. Akayatazama maua ya plastiki, kana kwamba ndiyo yaliyofanya. Kisha kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, shanga zote zikaanza kulia, mpaka akalazimika kukaa kitandani kwa mpangaji wake.

"Huyu mtoto! Maziwa iko na chombo yake, mafuta iko na chombo yake. Hata mtoto wa miaka tatu anajua! Na mimi nilifikiri ameweka maua kwa sababu ameona ni kama nguo ya harusi, anaheshimu!" Alipangusa macho. "Amevuta kondoo yangu!"

"Alivuta mkia," alisema Wekesa, na Mama Abei akaanza upya.

Swali la tatu likapata alama yake. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika ishirini.

Jeptoo alitoka uani kutafuta mtandao. Simu ya kwanza ilikatika. Ya pili iliita bila kujibiwa. Ya tatu Afande Odongo aliishika, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na redio.

"Jeptoo, nimeshaongea na Kakuma. Gari liko tayari, injini inanguruma. Una kitu?"

"Afande, zima hiyo injini. Chupa ni ya Didace, hilo halina ubishi. Lakini dada yake iliyopikwa naye siku moja haina mafuta. Mafuta ni ya kondoo, na yametoka kwenye chombo cha mafuta ambacho mlalamikaji alilazia maji hayo siku kumi, mwenyewe, kwa mkono wake. Amekiri. Nina chombo, nina vinyweleo vya mfuniko, nina mwenye chombo."

Redio ilipunguzwa sauti.

"Kwa hivyo mshukiwa ni nani?"

"Joto, afande. Na kutojua."

"Hao siwezi kuwapeleka mahakamani." Odongo alishusha pumzi, na Jeptoo alisikia kiti chake kikilia. "Huyo Josiah anafuta malalamiko?"

"Ameshaandika. Ameomba pia namba ya Didace, amwombe msamaha."

"Na huyo Didace ana leseni ya kuuza vitu vya kuvuta watu mapafuni?"

"Hana."

"Basi mwachilie, lakini umwambie chungu kile kifukiwe na kikae kimefukiwa. Siku akipata kibali, tutaongea. Mtu asivute kitu cha sufuria ya uani. Umenisikia?"

"Nimesikia, afande."

"Na hilo jina la chombo uniandikie vizuri. Mke wangu alikiweka kimoja sebuleni, ameweka kalamu."

Jumapili, Kalobeyei, saa tano. Ubatizo ulikuwa umekwisha, na kwaya haikuwa imekubali kwamba umekwisha. Boris alisimama jua kali ndani ya zambarau yake, jasho likimtiririka, akikataa katakata kuvua koti. Mathilde aliigawa sombe nyekundu kwa kijiko kikubwa, na kila alipompita Wekesa alimwongezea, akisema, "Ushahidi, Afande. Kula ushahidi."

Didace alimkuta Jeptoo kando ya ukuta. Alimshika mikono yote miwili, akaitikisa kama chupa ya asubuhi.

"Kuna mzigo wako," alisema Jeptoo, akamkabidhi kitu kilichofungwa kwenye kitenge. "Umekuja na gari la alfajiri kutoka Lodwar, kwa Mama Abei, mwenye nyumba wa Josiah. Amekifukiza upya usiku kucha, anasema kilitukanwa. Amekijaza mafuta. Ni kwa ngozi ya mtoto, si kwa maua."

Didace alifungua mfuniko wa manyoya, akanusa, akafumba macho. Akacheka peke yake.

"Moshi. Kumbe njo huyu mutu!"

Mathilde alichota mafuta kwa kidole, akampaka Daniella paji, mashavu, kiganja. Mtoto aling'aa kama shilingi mpya, akamtazama Jeptoo, akanyoosha mkono kwenye mfuko wa kijitabu.

"Na kuhusu chungu," Jeptoo alisema, "umesikia maneno ya mkuu."

"Nimefukia, Mama Inspekta. Jana ile ile. Lakini ladha mama huwezi kuifukia. Imenisumbua kichwa mpaka asubuhi. Nikaamka, nikakanda." Akamwita Wekesa kwa ishara.

Wekesa alikuja, sinia mkononi limefunikwa kitambaa, uso wake umejaa siri na unga kidogo. Akalisogeza chini ya pua ya Jeptoo.

"Fumba macho, madam. Unasikia harufu gani?"

Jeptoo alifumba macho. Sukari ya kuungua, tangawizi kwa mbali. Makoma. Iliki tone mbili.

"Mandazi," alisema.

"Mandazi!" Wekesa alipiga kelele, akafunua kitambaa, na kweli yalikuwa mandazi, ya moto, ya kahawia, yamerundikana. "Siku tatu nasema! Siku tatu hakuna anayenisikiliza!"

Jeptoo alichukua moja. Likamwachia vidole vikimeta mpaka kwenye kifundo, akavitazama kwa desturi ya kazi.

Didace aliona, akatabasamu mpaka macho yakapotea.

"Hapa, Mama Inspekta," alisema, "mafuta inaruhusiwa."